Huoza Ardhini

Dada Mkubwa hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi. Alijua mdogo wake anasimamia mashine za kufungasha unga, na mashine hazina adabu ya kunyamaza ili watu wazungumze. Kwa hiyo Baba Pacha alipoona simu ya dada yake ikiita katikati ya asubuhi, alijua si jambo dogo. Alitoka mbio nje ya jengo, akasimama kwenye kivuli cha ukuta huku akijifuta unga kwenye nyusi.

"Kuna msiba, dada?"

"Hakuna msiba. Ni hii miche yangu ya papai. Inageuka manjano. Na ile niliyouza, wenyewe wananiambia imedumaa, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nikasema nikuulize wewe mwenye hizi pakiti ninazopandia. Hivi huchukua muda gani kuoza?"

Getini lilikuwa likitoka lori la kiwanda, limesheheni hadi turubai limevimba. Pakiti za juu zilionekana kwenye upenyo: karatasi ya kahawia, jani kubwa la kijani, na chini yake maneno mawili yaliyochapwa kwa herufi nene, HUOZA ARDHINI.

"Inategemea," alisema Baba Pacha. "Ardhi ikiwa kavu, inachelewa. Hebu zidisha maji kidogo."

"Nizidishe maji? Papai na maji mengi wapi na wapi?"

"Kidogo tu. Waambie na wateja wako."

"Haya, nimekuelewa, mwanangu. Rudi kazini, nisije nikakuletea maneno na wakubwa zako."

Alimwita mwanangu kwa sababu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Dada Mkubwa aliacha shule, akamfulia, akamlisha, akamsomesha kwa kuuza miche kando ya barabara, na hakuna siku aliyomkumbusha hayo. Baba Pacha alirudisha simu mfukoni, akabaki amesimama pale pale. Alikuwa amemdanganya dada yake kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa amemdanganya kwa kunyamaza.

Pakiti hiyo ilipoanza haikuwa na hila yoyote. Mifuko ya plastiki ya kiwanda ilikuwa ikiziba mitaro mji mzima, watu wakalalamika, na mkurugenzi akaagiza karatasi ngumu iliyotandikwa ndani utando mwembamba wa wanga. Baba Pacha mwenyewe alifukia vipande nyuma ya jengo, akavifukua baada ya wiki kadhaa, akakuta nyuzinyuzi tu zinazomomonyoka vidoleni. Alifurahi kama aliyepata mtoto. Siku ile ile alikwenda kitaluni kwa dada yake kumsimulia, na dada ndiye aliyepata wazo: zile pakiti zilizoharibika chapa, ambazo kiwanda kinazitupa, kwa nini asipande miche humo? Mteja angefukia mche na pakiti yake, mizizi isisumbuliwe, na shambani pasibaki nailoni inayopeperuka.

Msimu wa kwanza mambo yalikwenda vizuri ajabu. Kisha unga ukaanza kupata ukungu madukani, maana wanga ulikuwa ukilainika kwenye joto la unyevunyevu. Mkurugenzi akaagiza utando wa ndani ubadilishwe, uwekwe wa plastiki, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, ulioshikamana na karatasi kiasi kwamba macho hayautambui. Karatasi ya nje ilibaki ile ile, na jani lake, na maneno yake. "Ni kwa muda tu," mkurugenzi alisema, "mpaka tupate wanga unaostahimili." Baba Pacha aliupokea mzigo. Pakiti mbovu ziliendelea kwenda kwa dada yake, tena kwa gari lake mwenyewe. Kila alipozishusha alijiambia kwamba atamweleza safari ijayo.

*

Jumapili walikwenda kitaluni, yeye na mkewe. Dada Mkubwa alikuwa chini ya neti ya kivuli, amejifunga kanga kiunoni, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Wateja walikuwa wengi siku hiyo, akina mama waliotoka ibadani wakiwa bado na nguo zao nzuri, wakiinua miche na kuipindua kana kwamba wanachagua vitambaa. Miche mipya ilipendeza. Ile ya nyuma, iliyokaa kitaluni muda mrefu, ilikuwa imelegea, majani ya chini yakiwa ya manjano na udongo wake ukitota maji.

"Nimefuata maneno yako," Dada Mkubwa alimwambia mdogo wake. "Nawanywesha mpaka nawaonea huruma."

Baba Pacha aliangalia pembeni.

Hapo ndipo alipoingia Karani. Watu wote wa mtaa ule walimwita Karani kwa sababu alitumika mahakamani hadi alipostaafu, na kiinua mgongo chake alikitia kwenye shamba la mipapai nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amevaa kofia na koti, na mkononi alishika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alisalimia watu mmoja mmoja, akaenda hadi kwenye benchi la Dada Mkubwa, akalifungua gazeti.

"Nimekurudishia mwanao, mama," alisema kwa upole. "Kanishinda."

Ulikuwa mche uliokufa. Alikuwa ameung'oa na pakiti yake. Karatasi ilikuwa imechakaa na kuingia madoa, lakini ilikuwa nzima, imeshika umbo lake, na jani la kijani bado lilionekana juu yake vizuri kuliko jani lolote la mche wenyewe. Mzee aliipasua juu kidogo kwa kidole. Ndani, mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, imesokotana kama kamba, ikitafuta mlango wa kutokea.

Dada Mkubwa aliuinua, akautazama. "Umeufukia chini mno, mzee wangu. Papai halitaki kuzikwa."

"Nilifukia kama ulivyonielekeza. Kipimo cha kiganja."

"Sasa kiganja cha nani? Maana mikono iliyozoea kalamu, hata ikigusa jembe, jembe lenyewe linacheka."

Akina mama waliangua kicheko. Mke wa Baba Pacha naye alicheka. Haukuwa utani wa ubaya, Dada Mkubwa huwatania wateja wake wote na ndiyo maana wanampenda. Lakini Karani hakucheka. Shingo yake ilikuwa imekakamaa ndani ya kola.

"Mikono yangu nakubali," alisema. "Ila pakiti mbona nzima? Ulituambia inaoza. Nilipanda shamba zima kwa neno lako."

"Si neno langu. Mwenyewe huyu hapa." Dada Mkubwa alimgeukia mdogo wake, uso umejaa fahari. "Ndiye msimamizi wao wa ufungashaji. Hizi pakiti zinapita mikononi mwake moja moja. Baba Pacha, hebu mwelezee mzee, mimi sina lugha ya kitaalamu."

Nyuso zote zilimgeukia Baba Pacha. Maneno ya kweli yalikuwa machache, yangetoka kwa pumzi moja.

"Ardhi zinatofautiana," alisema. "Ya kwako huenda ni nzito, mzee."

"Nzito," Karani alirudia taratibu, kama anayeandika maneno ya shahidi. Aliufunga mche wake tena ndani ya gazeti, akaikunja ncha ya gazeti vizuri, akaiweka sawa kofia yake. "Basi kosa ni la ardhi yangu. Samahanini kwa kuwapotezea muda."

Alipokwisha kuvuka barabara, mwanamke mmoja alimwigiza jinsi alivyotembea, na kicheko kikaanza upya.

*

Walirudi nyumbani. Nyumba yao ilikuwa ya kiwanda, nyumba ya matofali yenye veranda, aliyopewa alipofanywa msimamizi. Pacha walikuwa wamekwenda kucheza kwa jirani. Baba Pacha alijilaza kwenye kochi akajifanya amesinzia. Kutoka jikoni alisikia mkewe akimimina unga kwenye debe, kisha akasikia maji yakifunguliwa, kisha karatasi ikichanwa.

Mama Pacha alitoka jikoni na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na pakiti tupu ya unga, imeloweshwa na kuchanwa. Karatasi yenyewe ilikuwa tayari imekuwa ujiuji. Kando yake palikuwa na kitu chembamba kinachong'aa, alichokuwa amekibandua kwa kucha. Aliliweka sinia juu ya meza, mbele ya mumewe.

"Hiki nini?"

"Utando wa ndani."

"Huu wa wanga?"

Baba Pacha alilisukuma sinia kando kidogo.

"Nakuuliza vizuri, Baba Pacha. Huu ndio ule wa wanga uliokuwa ukitusimulia hapa mpaka chakula kinapoa?"

"Ulikuwa wa wanga. Walibadilisha."

"Lini?"

"Kabla ya msimu huu."

Mama Pacha alivuta kiti akakaa. Alikuwa mshonaji, na alipokuwa na hasira hakupaza sauti. Vidole vyake ndivyo vilivyotafuta kazi. Sasa vilikuwa vikiuvuta ule utando huku na huku, nao ukivutika tu, haukatiki.

"Mimi nilicheka," alisema. "Yule mzee alipotaniwa mikono yake, na mimi nilicheka. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale."

"Ungetaka niseme mbele za watu wale wote?"

"Kwani yeye aliaibishwa faraghani?"

Baba Pacha alikaa wima. Alitaka kusema habari za nyumba hii, na ada ya pacha, na kwamba msimamizi ni mtu wa kuamriwa kama wengine. Alipomtazama mkewe akaona yote hayo anayajua, na kwamba ameshayapima.

"Utamwambia, au nimwambie mimi?"

"Nipe nafasi nizungumze kwanza na mkurugenzi."

"Mkurugenzi ndiye aliyekulea?" aliuliza Mama Pacha, akanyanyuka na sinia lake.

*

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Alimkaribisha Baba Pacha ofisini, akaagiza chai, akaulizia pacha. Alisikiliza habari za miche hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Pole sana. Lakini sisi hatuuzi vitalu, tunauza unga. Nani alimwambia apande miti kwenye pakiti ya unga?"

"Pakiti yenyewe ilimwambia. Imeandikwa."

"Imeandikwa huoza. Haikuandikwa lini." Mkurugenzi alitabasamu. "Kila kitu huoza, ndugu yangu. Hata chuma. Hata mimi na wewe."

"Tungeondoa yale maneno, angalau. Na jani."

"Yale maduka makubwa yametukubali kwa sababu ya lile jani. Tukiliondoa, watauliza kwa nini. Nikijibu, mashine mbili zinasimama, na waliopo kwenye mashine hizo unawajua kwa majina kuliko mimi. Wanga mzuri utapatikana. Tuvumiliane." Alikunywa chai yake, akafikiri. "Sikiliza. Stoo kuna mifuko ya vitalu, ile myeusi, tuliinunua wakati wa kampeni ya kupanda miti, ikabaki. Mpelekee dada yako yote. Iwe zawadi ya kampuni. Ahamishe miche yake, na mambo yaishe kimyakimya."

Baba Pacha alishukuru. Alitoka ofisini akajishangaa kwamba ameshukuru.

Jioni ile ile aliipakia mifuko kwenye gari. Njiani alitunga maneno, akayafuta, akayatunga tena. Alipofika kitaluni Dada Mkubwa alikuwa peke yake, anaokota majani makavu kwenye miche iliyokuwa ikifa. Alipoona mabunda ya mifuko mipya yakishushwa, alijishika mdomo.

"Hii yote?"

"Yote yako. Kampuni imetoa. Uhamishie miche yako humu, uachane na zile pakiti. Zinakusumbua."

Hayo ndiyo yaliyomtoka. Aliyasikia yakitoka, laini, yamenyooka, hayana hata tone la ukweli anaodaiwa. Na dada yake, badala ya kuuliza, aliyaweka chini majani makavu, akajifuta mikono kwenye kanga, akamshika kichwa kwa viganja viwili kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mtoto mwenye homa.

"Mungu akuweke," alisema. "Ulikaa ukanifikiria. Una kazi zako, una watoto wako, lakini ukakaa ukanifikiria. Mama angekuona leo."

Baba Pacha aliishika mikono ya dada yake, akaitoa kichwani pake.

"Usinibariki, dada."

"Una nini?"

"Zile pakiti haziozi."

Dada Mkubwa alimtazama bila kuelewa. "Zinachelewa. Ulisema."

"Hazichelewi. Haziozi. Ndani yake kuna plastiki. Walibadilisha, na mimi nilikuwa najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla sijakuletea mzigo wa kwanza wa msimu huu."

"Na nilipokupigia simu?"

"Nilijua."

"Ukaniambia nizidishe maji." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu. "Miche imefungiwa ndani ya plastiki, haina pa kutolea maji, nawe ukaniambia niongeze. Nikawaambia na wateja wangu waongeze."

Pikipiki ilipita barabarani, na mwendeshaji akapiga honi kumsalimia Dada Mkubwa. Alimpungia mkono kama kawaida yake, uso hauna kitu.

"Yule mzee," alisema baadaye. "Karani."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikwenda zako. Jana amepita hapa kwa upande ule wa pili wa barabara ili asionane na mimi. Mtu mzima wa makamo yale. Nimemfanya kichekesho mbele ya wanawake kwa kukutetea wewe." Alikaa kwenye benchi. "Katika maisha yangu nimekosa vitu vingi, wewe mtoto. Lakini nikimwambia mtu mche huu utazaa, unazaa. Hilo nilikuwa nalo. Hilo ndilo lililokusomesha."

"Nitawalipa wote, dada. Kidogo kidogo."

"Sikukuomba ulipe." Aliitazama miche. "Kuna mingine haijafa bado. Ikikatiwa ile pakiti upesi, itajiokoa. Unaweza kushika wembe?"

"Naweza."

"Basi utanifuata kila shamba nililouzia miche. Utafukua, utachana, utafukia. Na utasema kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea tena."

*

Walianzia kwa Karani. Baba Pacha aliomba iwe hivyo, na Dada Mkubwa hakupinga wala hakumsifu. Mzee aliwapokea ugani akiwa amevaa fulana, bila kofia, na alipowaona alirudi ndani kwanza kuvaa koti.

Baba Pacha alisema. Hakuzungusha maneno. Alisema pakiti ina plastiki, kwamba alijua, kwamba siku ile kitaluni alijua, na kwamba ardhi ya mzee haina kosa lolote. Dada Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake na koleo begani, na yeye aliposhindwa kuvumilia alisogea mbele.

"Na mimi, mzee wangu, ule utani."

"Utani ulikuwa mzuri," alisema Karani. "Ningekuwa sina shamba, ningecheka."

Aliwatazama kwa zamu. Miaka yote mahakamani alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, na uso wake haukuonyesha kama amependezwa na huyu zaidi ya wale.

"Nina swali moja tu," alimwambia Baba Pacha. "Siku ile ningekuuliza mara ya pili, ungesema kweli?"

Baba Pacha alifikiri. "Nadhani nisingesema."

"Hapo nimekuamini." Mzee alivua koti lake, akalitundika kwenye kijiti cha uzio. "Mstari wa mwisho ndio wenye uhai kidogo. Tuanzie huko."

Walifanya kazi hadi jua likawa kali. Ilikuwa kazi ya kuinama. Unachimba kuzunguka mche, unauinua na bonge lake la udongo, unachana pakiti kutoka juu hadi chini bila kukata mizizi, unaibandua, unaurudisha mche mahali pake. Utando ulikuwa ukiachia karatasi na kubaki peke yake mkononi, mweupe, safi, kama umetoka kiwandani asubuhi ile. Baba Pacha aliusokomeza kwenye gunia. Mingi waliyoifukua ilikuwa imekwisha kufa na waliiweka pembeni. Karani alipita akiihesabu kwa macho, kisha akaacha kuhesabu.

*

Mzigo mpya wa karatasi ulifika kiwandani wiki iliyofuata. Roli za karatasi hiyo zilikuwa zimepangwa sakafuni, jani likiwa juu ya kila moja, na dereva alisubiri msimamizi aguse, atazame, aseme ndiyo. Baba Pacha alichana kipande, akakichovya kwenye kikombe cha maji, akabandua utando kwa kucha kama alivyomwona mkewe akifanya.

"Siupokei," alimwambia dereva.

Dereva alidhani anatania. Vijana wa mashine walisogea. Mmoja wao, mwanamke ambaye mumewe alikuwa mgonjwa, alimvuta pembeni.

"Bosi, tusiharibiane. Mashine ikisimama, ninyi wakubwa mnahamishwa. Sisi tunarudi nyumbani."

Maneno hayo yalimwingia kuliko yote aliyoambiwa na mkurugenzi baadaye. Maana mkurugenzi hakusema mengi. Alishuka mwenyewe, akaupokea mzigo, na mashine hazikusimama hata kidogo. Kisha akamwambia Baba Pacha kwamba ghala la nafaka linahitaji mtu makini, na kwamba nyumba, kwa bahati mbaya, hufuata cheo cha usimamizi wa ufungashaji. Alipewa hadi mwisho wa mwezi awe amehama.

Jioni alimkuta Mama Pacha anashona. Alimweleza akiwa amesimama mlangoni, kama mgeni. Cherehani iliendelea kidogo, ikasimama.

"Na pakiti?"

"Zinaendelea kutoka. Vile vile."

"Na jani?"

"Na jani."

Mama Pacha alikata uzi kwa meno. Alionekana kama atakayelia, kisha kama atakayecheka, na hakufanya lolote kati ya hayo. "Nilidhani ukisema, kuna kitu kitakoma," alisema. Aliinuka akaenda dirishani, akaanza kutoa mapazia kwenye vyuma vyake, moja baada ya jingine, maana mapazia hayo aliyashona yeye na hakuwa na nia ya kumwachia mtu.

*

Walihamia vyumba viwili vyenye choo cha kushirikiana na wapangaji wengine. Pacha waliuliza veranda imekwenda wapi, wakajibiwa kwamba huku hakuna veranda. Kila siku ya mapumziko Baba Pacha alikwenda na dada yake mashambani. Dada Mkubwa alizungumza naye kuhusu kazi tu: shika hapa, usivute, maji kidogo. Hakumwita tena mwanangu, na yeye hakuthubutu kumtania kama zamani. Mahali pengine walifunguliwa mageti, pengine waliambiwa wamechelewa. Kuna mama mmoja aliyesikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na walipogonga tena hakufungua.

Shamba la mwisho lilikuwa la msichana aliyejifungua karibuni, mke wa fundi bomba. Halikuwa shamba hasa, ulikuwa ua, na mipapai michache iliyopandwa kando ya karo la kufulia. Alisikiliza maelezo ya Baba Pacha huku akimbembeleza mtoto mgongoni, akionekana kutoelewa ni kwa nini mtu mzima amekuja hadi kwake kusema mambo hayo. Dada Mkubwa alikwenda kuchota maji. Baba Pacha alipiga magoti, akafukua mche wa kwanza. Ulikuwa umebaki na jani moja tu juu, limejikunja, lakini shina lilikuwa bado na ubichi. Aliichana pakiti, akaibandua. Mizizi ilikuwa imezunguka, mingine imekuwa myeusi, mingine mieupe, laini bado.

Msichana aliinama kumtazama anavyofanya.

"Wewe si ndiye mtaalamu wao?" aliuliza. "Huu utapona?"

Dada Mkubwa alikuwa amerudi na ndoo. Alisimama kusikiliza. Baba Pacha aliushika mche kwa mikono yote miwili, akaugeuza kwenye mwanga, akautazama upande huu na upande ule.

"Sijui, mama," alisema. "Kwa kweli sijui."

Msichana alitikisa kichwa taratibu, kana kwamba jibu hilo alilitegemea. Dada Mkubwa aliiweka ndoo chini, akakunja kanga yake, akapiga magoti upande wa pili wa shimo.

"Ushushe," alimwambia mdogo wake. "Mimi naushika. Wewe rudisha udongo."